Hasira Yako Ina Jina Jingine

Mwezi huu nilikusudia kujibu barua za wanaokosa usingizi. Zimelala mezani tangu mwezi jana. Lakini kila bahasha niliyoifungua wiki hii iliuliza jambo lilelile kwa mdomo tofauti: nifanye nini na hiki kinachonipanda kifuani? Basi wasio na usingizi wanisamehe, watakesha mwezi mmoja zaidi. Majina yaliyo chini ya barua wamejichagulia wenyewe walioandika.

SWALI: Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili. Sinywi pombe, sijawahi kumpiga mtu, kazi yangu ni ya hesabu na naifanya vizuri. Tatizo langu ni hasira. Jumanne saa mbili usiku nilirudi nyumbani nikakuta waya wa kuchajia simu haupo mahali pake. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Binti yangu wa miaka 8 ndiye aliyekuwa nao. Aliurudisha bila kusema neno, akaenda kulala na viatu miguuni. Siku hiyo saa nane mchana kazini tulitangaziwa kwamba ile nafasi niliyoingojea miaka minne amepewa mwenzangu, tena niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, lakini hilo halihusiani, ya kazini huwa nayaacha kazini. Mke wangu hanisemeshi mpaka leo. Nataka dawa ya hasira.
— Mwenye Hamaki

JIBU: Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu jicho limekwama palepale: "lakini hilo halihusiani." Waya umeuandikia mistari kadhaa. Miaka minne umeipitia mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Hasira mara nyingi ni bawabu tu. Inasimama mlangoni kwa sababu ina sauti, nasi tunadhani ndiye mwenye nyumba. Mwenyewe yuko ndani, kajifungia.

Umejiita Mwenye Hamaki, na neno umelichagua vizuri. Hamaki ni ile inayolipuka na kuzimika. Hiyo ilikuwa yako ya saa mbili usiku, mbele ya soketi isiyo na waya. Mimi nauliza ya saa nane mchana, ulipotangaziwa jina la mwenzako. Ilikuwa nini? Fedheha, kwamba watu wote ofisini wameona? Uchungu wa kutothaminiwa? Kijicho? (Usikasirike, kila mtu anacho, wengi tunakiita "haki".) Au ilikuwa hofu, kwamba umri huu ukipita mlango umefungwa? Kiswahili hakikutunyima maneno. Tuna hasira, ghadhabu, kinyongo, donge, soni, tahayuri, simanzi, jitimai, unyonge, wahaka. Tunayo yote haya, halafu mtu akiulizwa ana nini anajibu "niko sawa" au "nimechoka."

Nasisitiza jina kwa sababu kila moja linadai kitu chake. Fedheha inahitaji mtu mmoja unayemwamini akuambie kwamba hujapungua. Kinyongo kinahitaji mazungumzo na mkubwa wako wa kazi, umwulize waziwazi kilichokukosesha. Hofu inahitaji mpango. Ukizibandika zote jina moja la hasira, zote utazitibu kwa dawa moja, nayo ni kufoka, na atakayeinywa ni mtoto wa miaka 8.

Usidhani haya ni mambo ya washairi tu. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha za nyuso zenye hasira au hofu. Mtu alipochagua neno linalotaja hisia iliyo kwenye uso ule, amigdala, kile kipande kidogo cha ubongo kinachosaidia kupiga kengele ya hatari, ilipoa, na sehemu fulani ya mbele ya ubongo ikachangamka. Alipotakiwa kuchagua jina tu la kike au la kiume la kumpa mwenye uso, haikupoa namna ile. Kazi ilifanywa na neno la hisia lenyewe.

Nami nina deni kwenye jambo hili. Miaka mingi iliyopita, nikiwa tayari mshauri wa watu, tena nalipwa kwa kazi hiyo, nilimfokea binti yangu asubuhi moja kwa sababu ya kiatu cha kushoto kilichopotea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kuchukua majibu ya uvimbe walionikata kipande wakapime. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa na woga mpaka kwenye kucha, na sikuwa nimemwambia mtu. Majibu yalikuwa mema. Niliporudi jioni nilikikuta kile kiatu kando ya kitanda changu, kamba zake zimefungwa fundo la kipepeo, lile alilokuwa ndiyo kwanza anajifunza. Alidhani ni kiatu.

Sasa tuje kwenye dawa uliyoomba. Ukihisi inapanda, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde thelathini, zidisha mara mbili. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyetumia miongo kadhaa kuwachunguza wanandoa wakigombana, anasema moyo ukishapita mapigo kama 100 kwa dakika, mtu anakuwa hasikii tena anachoambiwa, na anashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20. Adrenalini, ile kemikali mwili unayoitoa kukabili hatari, ikishamwagwa kwenye damu haiondoki kwa kuamriwa. Kwa hiyo sema, "Nimepandwa, nipeni nusu saa, narudi," kisha uondoke, na urudi kweli. Asiyerudi hakupumzika, amekimbia. Na hizo dakika usizitumie kuandaa hotuba ya mashtaka, maana ukiendelea kugombana kichwani mwili haujui kwamba umetoka chumbani.

Kwa mkeo usianze na "samahani kwa hasira zangu." Hiyo ameshaizoea. Mwambie habari za Jumanne saa nane mchana. Nina hakika hazijui.

Na kwa binti, nenda leo. Mwambie waya haukuwa na kosa kubwa, baba alikuwa ameumia kazini, akamfokea yeye asiyehusika. Watoto wanaelewa hivyo vizuri zaidi kuliko wanavyoelewa kimya. Jambo la mwisho kwako: unasema hupigi mtu, nami nakuamini. Lakini mtoto anayelala na viatu miguuni ni mtoto aliyeogopa. Ikiwa hali hii inajirudia kila wiki, barua ya gazetini haitoshi. Tafuta mshauri mkae naye uso kwa uso.

SWALI: Rafiki yangu ananiambia nikikasirika nipige mto ngumi hadi hasira iishe. Je, inasaidia?
— Ngumi Mkononi

JIBU: Hapana, ingawa ushauri huo ni mkongwe. Mwanasaikolojia Brad Bushman aliupima mwaka 2002. Aliwafanya wanafunzi wa chuo wakasirike kwa kuwakosoa vikali insha zao, halafu baadhi yao akawapa begi la mazoezi walitwange huku wakimfikiria aliyewakosoa. Wengine walilitwanga wakiwaza mazoezi ya mwili. Wengine hawakupewa begi, walikaa tu wakisubiri. Waliotwanga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira kuliko wote. Waliokaa tu, bila kufanya chochote, hawakuwa wakali kama wao.

Ukipiga mto huku unamwona mtu usoni pa mto, unafanya mazoezi ya kumpiga mtu. Kimbia kama unapenda kukimbia, kuna faida tele, ila usikimbie huku unamsuta kichwani.

SWALI: Mama yangu alifariki miezi saba iliyopita. Mimi ndiye niliyeshughulikia kila kitu: hati, wageni, madeni yake, nguo zake. Sikulia. Watu walinisifu kwa ujasiri. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni, mwanamke nyuma yangu akakohoa kikohozi cha mama, kile kifupi cha mara mbili. Nilitoka nje, pumzi ikanibana, mikono ikafa ganzi, lakini chozi halikutoka. Namba yake ya simu bado ninayo, siwezi kuifuta. Nimesoma kwamba msiba una hatua tano. Mimi niko ya ngapi? Au labda sikumpenda?
— Jicho Kavu

JIBU: Pole, dada yangu. Pole ya miezi saba, maana nahisi ulipewa sifa mahali ulipostahili pole.

Hauko kwenye hatua yoyote. Zile hatua tano (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni nzito, kukubali) zilitokana na kazi ya daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyoichapisha mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliojua kwamba wao wenyewe wanakufa. Hazikuanza kama ratiba ya wafiwa. Zilikuja kupachikwa kwa wafiwa baadaye, na tangu hapo watu hunijia wakiwa na huzuni mbili: ya kumpoteza mtu, na ya kudhani kwamba wanaomboleza vibaya.

Mimi huona ukweli zaidi katika walichoandika watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999. Wao wanasema mfiwa huyumba kati ya pande mbili. Upande mmoja anakutana na msiba wenyewe, upande wa pili anashughulika na maisha yaliyobaki, yaani bili, kazi, watoto. Leo yuko huku, kesho kule, pengine mara kumi kwa siku moja. Kuyumba huko ndiko kunakomvusha. Wewe ulisukumwa upande wa hati na madeni siku ile ya kwanza, ukakaa huko miezi saba, kwa sababu kila aliyekuona huko alikupigia makofi. Kikohozi kimekuita upande wa pili. Basi nenda kidogo, kisha urudi.

Kuhusu mapenzi, machozi si kipimo. Wapo wanaolia kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Wewe umeutambua mkohozo wa mama yako kwa kuusikia mgongoni. Nani mwingine duniani angeutambua?

Ningekuwa nawe ningekuomba ujaribu kuandika. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao walioandikishwa mambo ya kawaida, na hilo nakuambia mapema usije ukashtuka. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale wa mambo ya kawaida. Tafuta daftari, si simu. Usiandike "nilihuzunika." Andika nguo ipi ilikuwa ngumu kuikunja. Kuna moja, najua ipo. Mkono wako ulifanya nini ulipoifikia? Uliinusa? Uliipa nani, au imefichwa wapi sasa hivi? Ukiona inakuzidi, funga daftari, umpigie mtu. Si mtihani huo.

Pumzi ikikubana tena foleni, usijilazimishe kuvuta hewa nyingi. Toa. Vuta kwa kuhesabu nne, toa polepole kwa kuhesabu sita au saba, kama unayepuliza mshumaa bila kutaka uzimike. Moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi, ndiyo maana mtu akisalimika na jambo hushusha pumzi ndefu bila kufundishwa.

Namba ya mama iache. Haili chakula cha mtu.

Ila nisikilize vizuri hapa. Ikiwa siku nyingi, karibu kutwa nzima, kwa wiki mbili au zaidi, umekuwa huna hamu na chochote, usingizi umeharibika, kula huwezi au unakula bila kikomo, na unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Muone daktari. Na likikujia wazo la kumfuata mama, usisubiri toleo lijalo. Mwambie mtu aliye karibu siku hiyohiyo, akupeleke hospitali iliyo jirani.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 10. Akilia, mume wangu humwambia, "Jikaze, wewe mwanaume." Nikimbembeleza naambiwa namdekeza. Nani ana haki?
— Mama Kijana

JIBU: Mama Kijana, mume wako ana kipande cha haki, nisikufiche. Kujikaza ni ufundi. Anayeshonwa jeraha hujikaza, dereva mwenye habari mbaya mfukoni hujikaza mpaka aegeshe gari. Kosa ni kumwambia mtoto ajikaze na kusahau kumwambia lini ajilegeze.

Mwaka 1993 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kutia kinyaa, wakawaomba baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Waliweza. Nyuso zao zilitulia. Lakini kinyaa walichohisi kilikuwa kilekile, na baadhi ya vipimo vya mwili, kama unyevu wa ngozi, vilipanda juu zaidi. Hivyo ndivyo "jikaze" inavyofanya kazi: aliyetulizwa ni mtazamaji.

Nawe, mama, kubembeleza peke yake hakutoshi. Kunafundisha kwamba machozi yana mama, hakufundishi yana maana gani. Chuchumaa macho yenu yalingane, bahatisha neno: "Umeona aibu walipokucheka?" Ukikosea atakusahihisha, na kukusahihisha ndiyo hatua yake ya kwanza ya kujijua. Kisha mpe mpaka. Kukasirika ruhusa, kumrushia mwenzio jiwe hapana.

Kwa baba yake usipeleke hoja, mtashindana tu. Muulize siku moja, watoto wamelala, alipokuwa na miaka 10 ni nani aliyemwona akilia mara ya mwisho. Halafu nyamaza. Baba yangu mimi alikuwa na neno moja kwa kila kilichomo moyoni: "nimechoka." Alipofiwa na kaka yake alichoka. Nilipofaulu mitihani, alisema amechoka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba siku ile alikuwa analia kwa furaha.

SWALI: Nina miaka 19. Nimeachwa. Sitaki ushauri mrefu. Nifanyeje nisihisi chochote?
— Sina Moyo

JIBU: Mfupi basi. Haiwezekani, na kujaribu kunazidisha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na akimjia mtu kichwani apige kengele. Kengele zikalia. Baadaye walipowaruhusu kumfikiria, waliozuiliwa kwanza walimfikiria zaidi kuliko walioruhusiwa tangu mwanzo. Na huyo alikuwa dubu tu, hawakuwahi kumpenda.

Huyo aliyekuacha mtengee muda. Kila siku robo saa, saa ileile, lakini si kitandani. Mfikirie, lia, mtukane kwenye karatasi. Akikujia nje ya muda wake mwambie "saa kumi na moja jioni" na uendelee na ulichokuwa unafanya. Atakuja tena. Mjibu vilevile.

Na usiku huu simu yako mpe rafiki yako akae nayo mpaka asubuhi.